Kaunta ya Mama na Kifua cha Fundi

Kwenye kipindi cha mwezi uliopita tuliongea kuhusu kununua nyumba, na katikati ya maongezi nikataja kwa kupitia tu kwamba Mama yangu alitumia Jumamosi tatu nzima kuchagua jiwe la kaunta ya jikoni. Mlicheka sana kwenye meseji zenu. Lakini wengine mkauliza swali la maana: hilo jiwe ni nini hasa? Marumaru? Graniti? Plastiki? Leo nalijibu kwa maandishi, manake jibu ni refu kuliko nilivyodhani, na lina sehemu moja ambayo Mama hakuipenda kabisa.

Tuanzie ghalani. Ni moja ya yale maghala yaliyo kando ya I-35E, ukishuka kutoka kwetu Lewisville kuelekea Dallas. Ukiingia unakuta mabamba ya mawe yamesimamishwa wima, safu kwa safu, kila moja kubwa kuliko godoro la baba na mama. Mama akasimama mbele ya bamba jeupe lenye mishipa ya kijivu, akapitisha kiganja juu yake taratibu kama mtu anayekagua kitambaa cha kitenge.

"Hii ndiyo marumaru," akasema.

Muuzaji akasema hapana, hii ni kwatsi. Imetengenezwa kiwandani ifanane na marumaru.

Mama akanigeukia na kunong'ona kwa Kiswahili, ingawa muuzaji asingeelewa hata angepiga kelele: "Kwa hiyo ni feki?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta.

Kwanza, marumaru yenyewe

Neno marumaru lina mtego wake. Kwenye kamusi ni jiwe. Lakini ukiwa Dar leo mtu akikuambia ameweka marumaru sebuleni, mara nyingi anamaanisha vigae vya dukani. Kwa hiyo wewe na shangazi yako mnaweza kuongea dakika kumi kila mtu akiwa na kitu chake kichwani.

Marumaru ya kweli ilianza kama mawe ya chokaa. Mawe hayo yalikandamizwa na kupashwa joto chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka mpaka fuwele zake zikajipanga upya. Ile mishipa ya kijivu au ya dhahabu ni madini mengine yaliyonaswa humo ndani. Inayosifiwa zaidi duniani inatoka Carrara, Italia, na majina kama Calacatta na Statuario unayoyaona kwenye vibandiko vya madukani ni ya marumaru za huko.

Inapendeza, hamna ubishi. Shida ni kwamba marumaru ni kalisi kabonati, na kalisi kabonati haipatani na tindikali. Sasa fikiria jikoni kwetu. Ndimu ya kachumbari, ukwaju, siki, nyanya za mchuzi. Tone la ndimu likikaa kidogo juu ya marumaru linaacha alama iliyofifia ambayo hata ukisugua haitoki, kwa sababu si doa, ni jiwe lenyewe lililolika. Tena ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kinachoishia 10, marumaru iko karibu na 3. Kwatsi iko kwenye 7. Kisu cha kawaida cha chuma kinaichubua marumaru, lakini kwatsi inakishinda kisu.

Kwa hiyo mtu anayepika pilau na kukamua ndimu kila siku ana sababu nzuri ya kutaka sura ya marumaru bila tabia zake. Biashara nzima ya mabamba haya imejengwa juu ya hamu hiyo.

Binamu wa tarazo

Kama umewahi kwenda likizo kwa bibi, Tanga au Mombasa au Dar, ukalala mchana juu ya ile sakafu baridi yenye vipande vidogo vya mawe ya rangi, basi tayari unamjua ndugu wa bamba hili. Ile sakafu inaitwa tarazo. Fundi anachanganya vipande vya marumaru na saruji, anamwaga, anasubiri ishike, kisha anaisugua kwa mashine na maji mpaka ing'ae. Asili yake ni Italia ya kaskazini, eneo la Veneto na jirani zake, ambako mafundi waliokota mabaki ya marumaru wakayafanya sakafu.

Na ni Veneto hukohuko, mji mdogo wa Castello di Godego, ndiko Marcello Toncelli alikoanzisha kampuni ya Breton mwaka 1963. Wazo lake lilikuwa karibu lilelile la tarazo: vunja jiwe, kisha uliunganishe upya. Ila baada ya muda saruji ikaachia nafasi gundi ya resini, na mchanganyiko ukawa unabanwa kwa mashine ndani ya chumba kilichonyonywa hewa. Breton ikauza mashine zake kwa wengine. Caesarstone ilianza mwaka 1987 katika kibbutz ya Sdot Yam, Israel. Cosentino ya Hispania ikatoa Silestone mwaka 1990. Hapa Marekani, Cambria ya Minnesota ikaingia sokoni mwaka 2000. Leo viwanda vya aina hii viko India, Vietnam, Uturuki, China na kwingineko, na vingi bado vinafuata njia ileile ya Breton.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa Mama: si feki. Ni tarazo iliyosoma chuo.

Jinsi bamba linavyotengenezwa

Kazi huanza kwa kusaga. Kwatsi inachimbwa, inaoshwa, inavunjwa na kuchekechwa kwa saizi: nyingine kama chumvi ya mawe, nyingine kama mchanga, nyingine laini kama unga wa sembe. Ukitaka sura ya marumaru nyeupe unahitaji kwatsi yenye chuma kidogo sana, kwa sababu chuma ndicho kinacholeta umanjano. Viwanda vingine huongeza kristobaliti, ambayo ni ndugu wa kwatsi mwenye weupe mkali. Na ukitaka jiwe lisionyeshe punje, unazidisha unga.

Kisha inachanganywa. Kwa uzito, takriban asilimia 90 mpaka 93 ya bamba ni madini, na asilimia 7 mpaka 10 ni resini ya poliesta pamoja na rangi na kemikali za kuifanya gundi ishike jiwe. Hapo ndipo matangazo hupenda kusema "asilimia 93 mawe asilia". Ni kweli, kwa uzito. Lakini resini ni nyepesi kuliko jiwe, kwa hiyo ukipima kwa nafasi inayochukua, karibu moja ya tano ya bamba inaweza kuwa resini. Kumbuka hiyo, tutairudia tukifika kwenye sufuria.

Mchanganyiko unaotoka kwenye mashine si uji. Ni mabonge yenye unyevunyevu, kama mchanga wa pwani maji yakipwa, au kama unga wa chapati kabla hujamaliza kutia maji. Kila rangi ina pipa lake la kuchanganyia: jeupe, jeupe lililofifia, kijivu. Mabonge haya yanamwagwa pamoja kwenye fremu pana yenye ukubwa wa bamba.

Baada ya hapo ni zamu ya mishipa, na hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Zamani kidogo mishipa ilifanywa kwa mkono: mfanyakazi anachora mfereji kwenye mchanganyiko na kunyunyiza rangi. Siku hizi viwanda vikubwa hutumia mkono wa roboti. Kompyuta inapewa mchoro, mara nyingi uliotokana na picha ya marumaru halisi, na roboti inapita ikichimba mifereji na kujaza rangi humo, mzito hapa, mwembamba pale, ukififia mwishoni kama ulivyofifia mlimani. Kwenye mabamba mazuri mshipa unashuka mpaka chini, kwa hiyo ukitazama ukingo wa kaunta unauona ukiendelea. Kwenye mabamba ya bei rahisi mara nyingi mshipa uko juu tu. Ukiangalia ukingo, ukauona mshipa unakatika ghafla kama nywele zilizonyolewa, umeshajua.

Kuna njia nyingine ya kuutambua utengenezaji wake. Mlima haurudii mchoro. Roboti inarudia. Ukiona mabamba mawili ghalani yenye mshipa uleule uliopinda mahali palepale, hao ni mapacha wa kompyuta.

Baada ya mishipa, mchanganyiko unafunikwa na kuingizwa kwenye mashine ya kubana. Hapa mambo matatu yanafanyika kwa pamoja: hewa inanyonywa, mchanganyiko unatikiswa kwa kasi, na unakandamizwa kwa nguvu kubwa. Hewa ikitoka na punje zikitikiswa, zile ndogo zinaingia katikati ya zile kubwa mpaka hakuna mwanya. Dakika chache tu. Ndiyo maana jiwe hili halinywi maji wala mchuzi. Manjano ya biriani ukiyafuta mapema hayapati pa kuingilia.

Kisha bamba linaingia kwenye oveni. Usifikirie moto wa tanuri la matofali. Joto liko chini kidogo ya nyuzi 100, yaani hata maji yasingechemka. Kazi yake si kuyeyusha jiwe, bali kuifanya resini ikaze. Likitoka linaachwa lipoe kabisa, kisha linasawazishwa na kung'arishwa kwa vichwa vya almasi, kimoja baada ya kingine, kutoka kikali mpaka laini, huku maji yakimwagika muda wote. Mwisho linakaguliwa, linapewa namba na kupakiwa. Kwa kawaida unene ni sentimita 2 au 3. Bamba kubwa la sentimita 3, lenye urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 1.6, lina uzito wa zaidi ya kilo 350.

Sasa sufuria. Jiwe lenyewe halijali moto. Resini inajali. Ukitoa sufuria ya pilau jikoni ikiwa inatokota ukaiweka moja kwa moja juu ya kaunta, unaweza kuacha duara la manjano lisilotoka, au hata ufa. Weka kitambaa kinene au kibao. Na usilitumie bamba hili kwenye jiko la nje, kwa sababu jua la Texas linaibadilisha resini rangi polepole.

Kutoka bandarini mpaka kwetu

Miaka kumi iliyopita mabamba mengi ya bei nafuu yalitoka China. Mwaka 2018 Cambria ilipeleka malalamiko serikalini kwamba China inauza chini ya bei ya haki, na mwaka 2019 Marekani ikaweka ushuru mkubwa sana. Mwaka 2020 ikaweka pia kwa India na Uturuki, ingawa kwa viwango vidogo zaidi. Biashara ikahamahama, lakini mawe hayakuacha kuja. Bandari kubwa ya makontena Texas ni Houston, kwenye vituo vya Barbours Cut na Bayport. Kutoka huko lori linapanda I-45 mpaka Dallas, na kutoka Dallas kuja kwetu ni mwendo mfupi. Na nyumba zinazojengwa Denton County, mnaziona wenyewe. Kila moja ina jikoni.

Lakini bamba halifiki jikoni likiwa bamba. Kati ya ghala na nyumba yako kuna karakana. Hapo ndipo jiwe linapimwa, linakatwa, linatobolewa nafasi ya sinki na bomba, na kingo zake kuviringwa. Kiwanda kikubwa kinaweza kuwa na roboti na maji kila mahali. Karakana mara nyingi ni watu wachache, misumeno miwili mitatu, na grainda za mkononi.

Unga uliosagwa mara ya pili

Kwatsi ni silika. (Siyo ile silika ya tabia ya mtu, hii ni madini.) Ikiwa imelala kwenye kaunta yako haina neno. Unaweza kuilalia, kuikatia vitunguu, mtoto akailamba. Hakuna anayeugua kwa kuwa na kaunta, tafadhali msianze kubomoa majiko.

Shida inakuja pale fundi anapoikata ikiwa kavu. Lile jiwe ambalo kiwanda kilisaga, kikaunganisha, sasa linasagwa tena, hewani, mbele ya pua ya mtu. Punje zinazodhuru ni ndogo sana, chini ya mikromita 10, wakati unywele wa binadamu una kama 70. Huzioni. Unachokiona ni lile wingu jeupe, na wingu likishatulia unadhani yameisha, kumbe zile ndogo bado zinaelea.

Zikifika ndani kabisa ya mapafu, seli za ulinzi zinazimeza, zinashindwa kuziyeyusha, zinakufa, na mwili unaweka kovu. Kovu juu ya kovu. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Mgonjwa mahututi anaweza kuhitaji kupandikizwa mapafu.

Kwa nini jiwe hili na si marumaru? Marumaru kwa kawaida ina silika chini ya asilimia 10. Graniti inaweza kufika kama 45. Mabamba ya kwatsi, zaidi ya 90. Ndio uzuri wake na ndio ubaya wake: kile kinachoishinda ndimu na kisu ndicho kinachochoma mapafu.

Na hapa Texas si watazamaji. Mwanaume wa miaka 37 aliyefanya kazi ya kung'arisha na kukata mabamba haya kwa takriban miaka kumi aliripotiwa hapahapa Texas mwaka 2014. Ripoti yake ilichapishwa na CDC mwaka 2015, ikiwa ya kwanza Amerika Kaskazini kuhusu silikosisi iliyotokana na mabamba ya kwatsi. Israel walishaona mapema. Mwaka 2012 madaktari huko walichapisha habari za wagonjwa 25. Mwaka 2019 CDC ikatoa ripoti ya watu 18 kutoka California, Colorado, Texas na Washington. Wawili walikuwa wamefariki. Mwaka 2023 madaktari wa California wakaandika kuhusu wagonjwa 52, umri wa katikati miaka 45. Kumi walishakufa. Karibu wote walikuwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini.

Australia iliamua haitaki tena. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024 imepiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga mabamba haya, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. California iliweka kanuni za dharura mwishoni mwa 2023. Texas haina kanuni zake za usalama kazini kwa makampuni binafsi, inategemea zile za OSHA ya taifa. Kanuni hizo zipo: hewa ya kazini isizidi mikrogramu 50 za silika kwa mita moja ya ujazo, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Lakini kanuni inahitaji mtu wa kuja kupima, na karakana za watu sita ni nyingi. Tena Texas mwajiri binafsi halazimishwi kuwa na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Mtu anaweza kuugua kwa kazi na akabaki na bili mkononi.

Kijana wa Nyarugusu

Haya yote niliyasoma baada ya siku kaunta ilipofungwa. Natamani ningeyajua kabla.

Walikuja watu watatu na gari. Walipojaribisha, tundu la bomba halikukaa sawasawa, kwa hiyo mmoja wao akatoka na kipande kile mpaka mbele ya gereji, akawasha grainda na kuanza kutanua. Kavu. Bila barakoa. Wingu likapanda mpaka usawa wa paa. Akazima, simu ikalia, akapokea: "Ndiyo, niko kazini, nitakuita."

Mama alikuwa mlangoni. "Kumbe wewe ni wa kwetu!"

Kijana akageuka, nyusi zake nyeupe kama za mzee. "Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

Wazazi wake wanatoka Kivu Kusini, yeye alikulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Ana miaka minne Texas. Kazi hii aliipata kwa sababu hawakumuuliza Kiingereza.

"Na hili vumbi lote unalivuta?"

"Aa Mama, ni kadogo tu. Dakika mbili."

Mama hakubishana naye. Alikwenda akafungua bomba la bustani, akarudi na mpira, akausimamia akimwagilia jiwe mpaka kijana akamaliza. Mimi nikasimama pale na digrii yangu, sina la kusema, maana wakati huo nilijua tu kwamba vumbi si zuri. Baadaye tukampa chai. Nilipomuuliza kama amewahi kupimwa mapafu, akasema alipimwa kambini kabla ya kusafiri, ile picha ya kifua ya TB.

Hapo ndipo linaponigusa zaidi. Silikosisi inaongeza hatari ya kifua kikuu, na wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumebeba vijidudu vya TB vilivyolala bila sisi kuugua. Tena magonjwa haya mawili yanafanana kwenye picha. Katika wale wagonjwa wa California, wengine walitibiwa kwanza kama wana nimonia au TB. Nyumbani jambo hili linajulikana: wachimbaji wa tanzanaiti kule Mirerani wanavuta vumbi la silika, na Hospitali ya Kibong'oto iliyopo Siha, Kilimanjaro, ambayo ni ya kifua kikuu, imekuwa ikiwapima kwa yote mawili. Kijana amevuka bahari kukwepa shida nyingine kabisa, akakutana na vumbi la mgodini mbele ya gereji, Lewisville.

Kama unanunua

Uliza kabla ya kulipa, na uliza karakana, si ghala:

- Mnakata na kung'arisha kwa maji, hata kwa grainda za mkononi?
- Mkija nyumbani, marekebisho mnayafanya wapi na vipi? (Jibu zuri: tunarudisha karakana, au tunatumia maji na mashine ya kunyonya vumbi.)
- Mafundi wenu wanavaa barakoa za kuchuja vumbi zilizopimwa usoni mwao, si zile za karatasi?
- Mmewahi kupima silika kwenye hewa ya karakana?

Wakikukasirikia, nenda kwingine. Uliza pia mabamba yenye silika kidogo au yasiyo na silika ya fuwele. Kampuni kubwa zimeanza kuyatoa, nyingine zikitumia kioo kilichosagwa. Yapo na yanafanana.

Kama wewe, au mtu wako, anaifanya kazi hii

Msomee sehemu hii kwa sauti, au mtumie kwa WhatsApp.

- Maji muda wote. Usifagie vumbi kavu, na usijipulize nguo kwa hewa ya kompresa.
- Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haitoshi.
- Ukiwa kwenye vumbi lenye silika ya mikrogramu 25 au zaidi kwa siku 30 au zaidi kwa mwaka, mwajiri anatakiwa na sheria akupe uchunguzi wa afya bure: picha ya kifua, kipimo cha pumzi na kipimo cha TB, kisha urudiwe angalau kila miaka 3.
- Ukienda kwa daktari na kikohozi au kukosa pumzi, mwambie kazi yako kwa ukamilifu: "Nakata mawe ya kwatsi." Asipojua, hatatafuta. Texas, silikosisi ni ugonjwa ambao daktari anatakiwa kuuripoti idara ya afya ya jimbo.
- Simu ya OSHA ni 1-800-321-6742. Ukipeleka malalamiko unaweza kuomba jina lako lisitajwe kwa mwajiri.
- Kama karakana ni yako, kuna huduma ya jimbo inaitwa OSHCON inayokuja kukagua bure, na haitoi faini.

Mama anaipenda kaunta yake. Jumapili iliyopita alisukumia chapati juu yake na hakuna unga ulioganda. Anasema ingekuwa leo angechagua ileile rangi, ila angeuliza maswali manne hayo kwanza, na angeuliza kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila kunituma mimi.

Yule kijana tuna namba yake. Nimemtumia orodha hii na anwani ya kliniki. Alijibu, "Asante kaka, nitaenda nikipata siku." Wiki ya tatu sasa. Mama anampigia kila Ijumaa, na Ijumaa hii amesema atakwenda kumchukua mwenyewe kwa gari.

Kama kwenu kuna fundi wa mawe, awe anakata, anafunga au anamiliki karakana, tungependa aje kuongea kwenye kipindi, hata bila jina. Tuandikieni.